Nani afike ndani: uchambuzi wa maonyesho ya mchoraji mmoja katika nyumba ya kale ya Mkomani

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mchoraji mmoja, mwanamke wa Lamu, aliyeonyesha kazi zake peke yake kwa mara ya kwanza katika nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, msimu wa kaskazi, majuma machache kabla ya Ramadhani. Simtaji kwa jina, wala siwataji jamaa zake, kwa kuwa sehemu kubwa ya kisa chenyewe inahusu watu ambao hawakutaka kujulikana na kila mtu. Niliombwa kusaidia kupanga picha na kuandika kadi za maelezo, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza niliyashuhudia kwa karibu, na hukumu ninazozitoa ni zangu, si zake.

Tangazo la maonyesho lilisema kwamba picha zinahusu utambulisho na ukaribu wa watu wanaoishi pamoja. Ni maneno ambayo katika kumbi nyingi za sanaa hupita bila kumgusa mtu, kwa sababu yamezoeleka mno. Lamu hayakupita hivyo. Kuonyesha ukaribu wa watu katika mji ambao nyumba zake zimejengwa kwa makusudi ya kuusitiri ukaribu huo ni kuuliza swali zito, na mchoraji alilazimika kulijibu kwa vitendo, kwa siku chache, huku picha zikiwa zimekwisha kuletwa na wageni wamekwisha kualikwa.

Kwanza lazima aelezwe mwenyewe. Mama yake ni mtu wa Mkomani. Baba yake ni mkulima wa Mpeketoni, ng'ambo ya kisiwa, mwana wa wazazi waliotoka bara na kupewa shamba katika mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulioanza miaka ya 1970. Alilelewa kisiwani na watu wa mama yake, na kila likizo ya shule alivushwa kwa boti hadi Mokowe, kisha akapandishwa gari hadi kwa nyanya yake mzaa baba. Baadaye alisomea sanaa Nairobi. Kisiwani huulizwa yeye ni wa nani. Mpeketoni huitwa Mswahili, hata na binamu waliokua naye. Uhusiano wa pande hizo mbili za kaunti una majeraha ya miaka mingi, ya ardhi na ya siasa, na mashambulizi ya Juni 2014 yaliyoua watu Mpeketoni yaliyaongeza. Mtu mwenye asili hiyo akichora utambulisho, watu hutarajia achore mgogoro.

Naye alianza kwa kuwapa walichokitarajia. Picha 3 za zamani zaidi kati ya 22 alizozileta zilionyesha uso wake umegawanywa katikati: upande mmoja buibui na wanja, upande wa pili kilemba cha mashambani na kiondo begani. Zimechorwa kwa ufundi, na wageni wengi walizipenda, lakini naziona kuwa ndizo kazi dhaifu kuliko zote. Zinamwambia mtazamaji jambo alilolijua kabla ya kuingia, kwamba mtu anaweza kuwa na asili mbili, na zinalisema kwa mavazi, ambayo ndiyo dalili ya juujuu kabisa. Nilishauri ziachwe. Alikataa, akasema kwamba bila hizo hakuna atakayeelewa alikotoka. Zikatundikwa karibu na mlango, mahali pa kupita, na nadhani hapo palizifaa.

Kazi zenye nguvu ni zile alizoacha kuchora asili na kuanza kuchora jinsi watu wake wanavyotazamana. Picha 6 ni za Mpeketoni. Kubwa kuliko zote inamwonyesha baba yake ameinama mbele ya mama yake mzee, yaani nyanya wa mchoraji, anamkata kucha za miguu kwa wembe. Mzee ameketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, mguu wake umo mapajani mwa mwanawe, na nyuma yao ukuta umejaa picha zilizowekewa fremu za kioo: mahafali, harusi, kalenda za miaka iliyopita, watu waliokwisha kufa. Baba amevua shati, na mstari wa jua unaonekana shingoni, pale ukosi unapoishia kila siku. Picha hii ina huruma kubwa, na huruma hiyo imo katika vidole vya baba vinavyoushika mguu kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba wembe ni mkali. Mchoraji alipoomba ruhusa, mzee hakuitoa tu, bali alitaka picha iwekwe mlangoni, ili kila aingiaye aone kwamba ana mwana anayemtunza. Kwa watu wa upande huo, mtu anayependwa huwekwa ukutani sebuleni, mbele ya kila mgeni, na kutundikwa hapo ni heshima anayopewa.

Upande wa mama ni tofauti, na hapa inabidi nieleze nyumba yenyewe, kwa sababu kisa kizima kimeamuliwa na vyumba vyake.

Nyumba ya mawe ya Lamu haimfungukii mgeni mara moja. Mtu hukaribishwa kwanza kwenye daka, kibaraza cha mlangoni penye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba anaweza kuzungumza naye bila kumwingiza zaidi. Akivuka mlango hukuta tekani, ukumbi mdogo uliopindishwa ili jicho la apitaye njiani lisifike kiwandani, yaani uani. Kutoka kiwanda, ambacho kiko wazi kwa mbingu, vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini na msana wa yuu, yaani ukumbi wa chini na wa juu, kisha ndani, chumba chenye zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, ukutani, na nyuma yake nyumba kati, ambamo kwa desturi watoto walizaliwa na maiti wakaoshwa. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake hutegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo kwa kawaida hazipiti mita 3. Kila chumba kinachofuata huhitaji ruhusa nyingine, hata isipotamkwa. Mjomba hufika asipofika jirani wa kiume, na jirani wa kike hufika wasipofika wengi wa wanaume wa ukoo. Hata nje utaratibu huo huendelea: wikio huvuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani, na katika karne ya 19 mwanamke wa daraja la juu aliyelazimika kutoka alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa. Jambo hilo la mwisho lina uchungu wake, kwa maana waliobeba nguo ya kumsitiri bibi hawakuwa na nguo ya kuwasitiri wao, na hakuna haja ya kulipamba.

Mahali palipopendekezwa mwanzo ni Ngome ya Lamu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikawa gereza hadi mwaka 1984, na sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ni mahali pazuri na pamezoea maonyesho. Mchoraji aliiacha kwa sababu ya kawaida tu: nyumba ya Mkomani ni ya jamaa za mama yake, ilikuwa tupu ikisubiri ukarabati, na hakutakiwa kodi. Hata hivyo nashikilia kwamba huo ndio uamuzi bora kuliko wowote katika kisa hiki. Katika Ngome picha zote 22 zingekuwa mbele ya macho yaleyale, kwa saa zilezile, na tatizo lililotokea lingekuwa na njia mbili tu, kuonyesha au kuondoa.

Upangaji ulikuwa na taabu zake, nami nazieleza kwa kirefu kiasi kwa faida ya wachoraji watakaofuata. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na ukuta wa chokaa wa nyumba kama ile haupigwi msumari ovyo. Hata ukipigwa, lipu hubomoka, na hewa ya chumvi huula msumari kwa kutu. Tulitundika picha kwa mshipi wa kuvulia uliofungwa kwenye boriti, mishipi miwili kwa kila fremu, na nyuma ya fremu tukaweka vipande vya kizibo ili kanvasi isigusane na chokaa, kwa kuwa ukuta hupumua unyevu. Kanvasi za pamba zililegea usiku na kukaza mchana. Zile picha 4 zilizochorwa juu ya vipande vya tanga kuukuu la jahazi hazikusumbuka hata kidogo, maana kitambaa hicho kimekwisha kuzoea unyevu na jua kwa miaka mingi kabla ya kupakwa rangi.

Taa ndizo zilizotuumiza zaidi. Picha za wanawake wa upande wa mama zilichorwa darini, kwenye mwanga wa wazi, lakini mahali zilipostahili kukaa, kwa sababu nitakayoieleza mbele, ni ndani, chumba ambacho mwanga hufika kwa shida. Zilipoingizwa humo zilififia kabisa. Taa nyeupe za betri zilipojaribiwa, rangi ya liwa, ile manjano iliyopauka inayopakwa usoni, ikageuka kijani kama ya mgonjwa. Hatimaye zilitumiwa taa za mwanga wa manjano, zikawekwa chini sakafuni na kuelekezwa ukutani ili mwanga urudi kwenye picha badala ya kuipiga usoni. Mchoraji alirudia sehemu mbili za picha moja kwa rangi nyeusi zaidi, palepale chumbani, na zikawa bora kuliko zilivyokuwa. Nimeamini tangu hapo kwamba picha ya ndani ichorwe ndani.

Sasa nifike kwenye picha iliyoleta swali. Ni kazi ya akriliki ya urefu wa mita moja na nusu hivi. Halati wa mchoraji, dada mkubwa wa mama yake, ameketi juu ya mkeka kichwa wazi, leso imeshuka mabegani, uso umepakwa liwa nusu, macho yamefumbwa. Nywele zake zina mvi mbele na bado ni nyeusi nyuma. Mikono miwili inazigawanya ili kuzitia mafuta, na mikono hiyo ni ya mchoraji mwenyewe: inaonekana tangu kwenye vifundo tu, inaingia pichani kutoka upande wa mtazamaji, kana kwamba anayetazama ndiye anayesuka. Hakuna uchi wowote katika picha hii. Katika miji mingi isingemsimamisha mtu hata dakika moja. Lakini kwa mwanamke wa Lamu wa umri wake, nywele na uso wenye liwa ni mambo ya mume, ya watoto, ya ndugu na ya wanawake wenziwe, na picha ile inampa mtazamaji yeyote nafasi ya mpwa wake aliyemlea.

Alikuwa ameridhia kuchorwa. Alikaa mkekani kwa mchana mwingi, akaiona kazi ilipokwisha, akaipenda. Siku mbili kabla ya kufunguliwa alisikia kwamba wanaume wataingia, na watalii, na kwamba picha yake imechapishwa katika kijitabu cha maonyesho. Hakupiga kelele. Alimwita mpwa wake, akamwambia maneno machache, ambayo mchoraji alinikariria jioni ileile: “Mwanangu, mimi nalikupa wewe. Sikuupa mui.” Mui, kwa Kiamu, ni mji.

Mchoraji alikasirika mwanzo, nami naielewa hasira yake. Ilikuwa kazi yake bora, aliijua, na ruhusa alikuwa ameiomba. Aliweza pia kuegemea sheria kama angetaka. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 33, inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanii. Hakimiliki ya picha ni ya aliyeichora. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziwekea kazi za sanaa nafasi ya pekee. Kwa upande wa pili, Ibara ya 31 ya Katiba hiyohiyo inalinda faragha ya mtu. Wakili angeweza kupata hoja pande zote mbili. Sioni kwamba lilikuwa jambo la wakili. Mtu aliyelelewa na halati yake hawezi kumshinda mahakamani kisha akarudi kula kwake.

Zilizungumzwa njia nne. Ya kwanza ilikuwa kuiondoa picha kabisa. Ya pili ilikuwa kuufunika uso kwa rangi, au kuugeuza usitambulike. Mchoraji aliikataa papo hapo, na nilimuunga mkono, kwa sababu kumfuta mtu uso ni kumfanya kuwa mwili usio na mwenyewe, na hilo lingekuwa dharau kubwa kuliko ile iliyokuwa inaepukwa. Ya tatu, aliyoipendekeza rafiki yake mmoja kutoka Nairobi, ilikuwa kuionyesha kama ilivyo na kuandika kadi inayoeleza pingamizi la halati, ili mjadala wenyewe uwe sehemu ya kazi. Watu kadhaa waliiona kuwa njia ya kijasiri. Mimi naiona kuwa ya kikatili, maana ingeyachukua maneno ya mtu anayeomba kusitiriwa na kuyabandika ukutani. Ya nne ilitoka kwa mama yake mchoraji, ambaye hana elimu ya sanaa wala hajawahi kuingia katika maonyesho: picha ikae mahali anapokaa mwenyewe, yaani ndani, na waingie wanaoruhusiwa kumwona mwenyewe.

Halati alikubali hilo, kwa masharti yake. Picha 7 za wanawake zilihamishiwa ndani, mlango wake ukatiwa pazia zito, na kuanzia alasiri hadi karibu na magharibi nyumba nzima ikawa ya wanawake peke yao. Saa nyingine, aliyekuja, mwanamume au mwanamke, aliishia msana wa yuu. Simu ziliachwa tekani, ndani ya kikapu, kwa kadi zenye namba. Kurasa zenye picha ya halati zilikatwa kwa wembe katika kila nakala ya kijitabu, kazi iliyochukua usiku mmoja wa mikono mingi, na tangazo lililokuwa limewekwa mtandaoni likaondolewa.

Wageni wengine waliona kwamba mpango huu ni kitu kipya, tena kigumu. Kwa wanawake wa Lamu haukuwa na jipya lolote. Katika sherehe za harusi, usiku ambao bibi arusi hupambwa na wanawake huvua mabuibui, simu zimekuwa zikizuiwa au kukusanywa mlangoni tangu zilipoanza kuwa na kamera, na kabla yake mpiga picha mwanamume hakuwa na njia. Mji haukuwa adui wa picha. Studio ya marehemu Omar Said Bakor ilipiga watu wa Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 20, na ilijulikana kwa picha zake za kuunganisha, ambazo sura ya mtu hukatwa na kupandikizwa ndani ya picha nyingine. Watu walipenda kupigwa. Walichokilinda ni safari ya picha baada ya kupigwa: inakaa albamu ya nani, nani anaifungua, na inapotoka nyumbani inamfuata nani. Simu iliiharibu safari hiyo kwa sababu picha haihitaji tena mkono wa mtu kuitoa chumbani.

Wapo pia wazee na vijana wa dini ambao hawakuja kabisa, kwa kuwa wanaona kuchora sura ya kiumbe chenye roho ni jambo lisilofaa lenyewe, awe na hijabu au asiwe nayo. Hawakuja, hawakuzuia, na mchoraji hakuwakejeli. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Pingamizi lililonishughulisha zaidi lilitoka kwa mchoraji mwenyewe. Alisema kwamba wosia wa mshairi Mwana Kupona kwa bintiye, uliotungwa mwaka 1858, unazungumzia jinsi ya kuishi na mume, usafi wa mwili, manukato, kumtunza alalapo, na kwamba maneno hayo yaliyonenwa kwa mtoto mmoja sasa yanasomwa na wanaume katika vyuo vikuu vya dunia bila mtu kulalamika. Kwa nini mshairi aruhusiwe na mchoraji azuiwe? Ni hoja nzito, lakini ina mapengo mawili. Mshairi alijitoa mwenyewe, maisha yake na ndoa yake, na mchoraji alikuwa anamtoa mtu mwingine. Tena mshairi huyo, karibu na mwisho wa utenzi, anawaita wanawake wengine wausome. Yeye mwenyewe aliongeza ruhusa, kutoka kwa bintiye hadi kwa wanawake kwa jumla, na hakwenda mbele zaidi. Hivyo ndivyo halati alivyofanya pia. Mchoraji aliposikia hivyo alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mshairi angalau hakuhitaji kuuza. Hilo sikuweza kumjibu.

Matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia, ingawa si kwa kila mtu. Alasiri za wanawake zilijaa. Walikuja watu ambao wasingetia mguu katika ukumbi wa sanaa: mabibi wa mtaa wa Langoni, wasichana wa shule, wanawake wa kijiji cha Shela waliokuja kwa boti. Walikaa. Walitoa maoni juu ya namna nywele zinavyogawanywa, wakabishana kama liwa ile imesagwa vya kutosha, wakamwuliza mchoraji kwa nini hakuchora mikono ya mama yake. Mazungumzo ya sanaa ya aina hii, ya watu wanaoijua kazi iliyomo pichani kwa vidole vyao, sijawahi kuyasikia mahali pengine, na nasema hili nikiwa nimehudhuria maonyesho mengi.

Wanaume walioishia msana wa yuu waligawanyika. Wengine waliona kwamba wamenyimwa walichokifuata. Mchoraji mwenzake mmoja alisema kwamba sanaa iliyofichwa si sanaa, na akaondoka. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Picha hazikufichwa, zilipewa watazamaji. Kila picha ina watazamaji wake, hata ile iliyo kwenye ukumbi usio na mlango, kwa kuwa kiingilio, lugha ya kadi na woga wa kuingia mahali pa wenye fedha huchagua watu kimyakimya. Tofauti ya Mkomani ni kwamba uchaguzi ulifanywa waziwazi, na aliyeufanya ni yule aliyechorwa.

Kwa upande wa sanaa, mpango ule ulizikomboa picha za Mpeketoni pia. Zilitundikwa kiwandani na msana wa tini, mahali penye mwanga, karibu na mlango kama nyanya alivyotaka. Mtu aliyetoka kwenye ukuta ule wa fremu za kioo, ambapo kupendwa ni kuonyeshwa, kisha akafika kwenye pazia, ambapo kupendwa ni kusitiriwa, alielewa utambulisho wa mchoraji kwa namna ambayo zile nyuso 3 zilizogawanywa hazikuweza kumweleza. Huyu ni mtu aliyelelewa chini ya taratibu mbili za kutazama. Amejifunza kwa nyanya kwamba anayekupenda hukuweka mbele ya watu, na kwa halati kwamba anayekupenda hukulinda nao, na zote mbili ni kweli kwake. Wachoraji wengine wenye asili ya Afrika wameishughulikia hali ya kuishi kati ya nyumba mbili kwa njia zao. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, ametumia muundo wa kanga, mchoro na maandishi pamoja. Njideka Akunyili Crosby wa Nigeria, anayeishi Marekani, hujaza kuta na sakafu za vyumba anavyochora kwa picha zilizohamishwa kutoka magazeti na albamu za nyumbani kwao. Wote wawili wameuweka uhusiano huo juu ya kazi yenyewe. Katika kisa hiki uliwekwa katika njia ya kuifikia kazi, nami naona kwamba ni mchango wa Lamu hasa, ambao mchoraji anaweza kuuendeleza akitaka.

Kasoro zilikuwepo. Picha 2 za mume na mke, zilizochorwa kutoka kwenye kumbukumbu ya wazazi wake, ni baridi. Watu wamelala ubavu kwa ubavu lakini hakuna anayejua mwenziwe yupo, na sikuona kwamba ubaridi huo ulikusudiwa. Kadi za maelezo zilikuwa ndefu kupita kiasi. Na utaratibu wa saa za wanawake uliwafaidi wenye nafasi alasiri. Wanawake wanaofanya kazi hotelini na sokoni, ambao hurudi magharibi, walikosa, ilhali ni wao ambao maisha yao yamo katika picha kadhaa. Siku ya mwisho mlango uliachwa wazi kwa ajili yao hadi usiku, na walikuja wachache, wamechoka.

Picha ya halati iliombwa kununuliwa na mwenye nyumba mmoja wa Shela ambaye hakuiona, mkewe alimsimulia. Mchoraji alikataa kuiuza, na nadhani bei ilimuuma. Sasa amealikwa kupeleka maonyesho haya Nairobi, katika ukumbi mmoja mpana wenye kuta nyeupe na mlango mmoja, na amemwendea halati upya kuomba ruhusa, kwa sababu ruhusa ya Mkomani ilikuwa ya Mkomani. Halati bado anafikiri. Waandaaji wamependekeza kwamba akikataa, ukuta uachwe na nafasi tupu yenye ukubwa wa picha, na kadi ya kueleza kwa nini haipo. Nimemshauri mchoraji asikubali. Nafasi ile ingemfanya halati kuwa kitu cha kutazamwa kwa mlango wa pili, na kusitirika kwake kungekuwa tamasha kwa watu ambao hawakumwomba chochote. Picha ikibaki Lamu, zilizobaki zisogezwe zikaribiane, na mgeni wa Nairobi atazame zilizopo bila kuambiwa kwamba kuna nyingine.